Koti la Bati la Mtukufu

Nchi ile haimo katika ramani yoyote, na mchora ramani ukimwuliza sababu anakohoa. Tusimlaumu, naye ana watoto. Ni nchi nzuri yenye amani tele, na amani yenyewe inalindwa na askari wengi sana ili isije ikatoroka. Katika nchi hiyo kulikuwa na kazi moja ambayo hutaipata kwingine, kazi ya mshahara, sare na kofia: kazi ya kulia kwa niaba ya mashine. Mwenye kazi hiyo aliitwa Afisa Mlio. Shomvi alikuwa mmoja wao, wa daraja la juu kabisa, katika lango la Hospitali Kuu, na siku tunayoisimulia ndiyo siku mkewe Zawena alipojifungua.

Usicheke kabla hujajua ilivyoanza. Wageni walikuja na mashine na kadi, wakaitisha semina. Wakaeleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia ya kwenda stendi. Kadi hii, walisema, haina betri. Ndani yake kuna chipu ndogo kama chawa, na waya mwembamba wa shaba umezungushwa pembeni. Mashine ya ukutani inatoa mawimbi ya redio yasiyofika mbali, vidole vichache tu. Ukiisogeza kadi, waya unayadaka mawimbi, unapata umeme kiduchu, na chipu inaamka. Mashine inaiuliza swali la siri, chipu inajibu kwa fumbo ambalo kesho halitakuwa hilo hilo, mashine ikiridhika inalia, mlango unafunguka, chipu inarudi kulala. Yote hayo hujapepesa jicho, na kadi haijagusana na kitu. Waheshimiwa wakapiga makofi mpaka mikono ikawasha. Mtaalamu mmoja akaongeza kwamba mawimbi hayo hayapenyi chuma wala bati, ila hilo alilisema wakati wa chai, na waheshimiwa walikwisha kutoka kuwahi sambusa.

Basi kadi ikatangazwa kuwa ndiyo kila kitu. Kupanda basi, kadi. Kuteka maji bombani, kadi. Soko, shule, ofisi ya kata, kuvuka mpaka, kuingia wodini, hata kuingia makaburini, ingawa makaburini marehemu alisamehewa na kadi ikadaiwa kwa wasindikizaji.

Sasa, watu wa nchi ile wana desturi yao ya tangu mababu: picha ya mkubwa haiachwi uchi. Ingia nyumba yoyote utaikuta picha ya babu ukutani imefunikwa kitambaa. Mgeni akija inafunuliwa, mgeni anaisalimia, inafunikwa tena. Kumwacha babu wazi atembelewe na nzi ni aibu ya ukoo mzima. Na kadi ile ilibeba picha ya Mtukufu, Mlezi wa Taifa na Baba wa Milango Yote. Bunge likakaa. Mbunge mmoja akasema kitambaa kitachafuliwa na jasho la wananchi, na jasho la wananchi si kitu cha kumpaka Mtukufu. Mwingine akasema plastiki ni dharau. Ikapita bila kupingwa kwamba kila kadi ivishwe koti la bati, lilehemewe pande zote nne, na sura ya Mtukufu ichapwe upya juu ya bati. Atakayelivua koti hilo atahesabiwa amemvua Mtukufu nguo hadharani, na kifungo chake ni kirefu cha kutosha mtoto kuzaliwa, kusoma na kuoa.

Mashine zikanyamaza nchi nzima. Kila mtu alijua kwa nini, na kila mtu alijua kwamba jirani yake anajua, na mambo yakaishia hapo. Lakini Waziri wa Mawasiliano Yasiyogusa, Mheshimiwa Mgungusi, hakuwa mtu wa kushindwa. Alisema kama tatizo ni mlio, milio ipo mingi tu nchini. Wakaajiriwa watu. Mwananchi anainua kadi yake yenye koti mbele ya mashine, Afisa Mlio aliyesimama pembeni anasema "Tiii," kisha analifungua geti kwa mkono. Shomvi alipata kazi hiyo kwa usaili wa haki. Zamani alikuwa akifukuza ndege kwenye mashamba ya mpunga, na koo lake lilikuwa kali na safi. Aliiheshimu kazi yake. Alikunywa maji ya uvuguvugu na tangawizi kila asubuhi, akaepuka barafu, na watu walisema Tiii ya Shomvi ukiisikia unajiona umesomwa kweli kweli.

Alfajiri ya siku hiyo alimfikisha Zawena wodi ya wazazi, uchungu umeshika. Alitaka kubaki naye. Zawena, ambaye hata akiumwa haachi maneno yake, akamwambia, "Nenda kalie kwako, nami nilie kwangu, tuone nani ataleta mtu." Shomvi akacheka kidogo, akaenda, moyo wake akauacha pale kwenye benchi.

Hakwenda langoni. Siku hiyo alikuwa amehamishiwa kwenye mlango wa benki ya damu, kwa heshima kubwa. Mtukufu alikuwa anakuja kuifungua benki hiyo. Alikwisha kuifungua ilipochimbwa msingi, akaifungua ilipoezekwa, akaifungua tena ilipopakwa rangi; safari hii angeifungua kwa kadi, na mlio wa kadi ya Mtukufu haupigwi na koo la hivi hivi. Shomvi ndiye aliyechaguliwa.

Mlango wenyewe ulikuwa ule ule walioufunga wageni, chuma kitupu, hauna kitasa kwa nje, komeo lake linatii mashine, au ufunguo mmoja wa dharura. Na kwa kuwa mashine haikuwahi kusoma kitu tangu makoti yaanze, hospitali iliuwekea mlango tofali. Tofali lilikaa kizingitini miaka yote hiyo likiuzuia usijifunge. Lilipakwa chokaa kila sikukuu, na wauguzi walilitaja kwa upole kama mtumishi mwenzao. Asubuhi hiyo Mheshimiwa Mgungusi alifika kukagua, akaliona. Akauliza kama wanataka Mtukufu ajikwae. Kabla hajajibiwa akalisukuma kwa ncha ya kiatu, na mlango ukajifunga taratibu, kwa adabu zote.

Shomvi alilisikia komeo likiingia, akageuka kuutazama mlango. Ufunguo wa dharura ulikuwapo, wala haukupotea. Ulihifadhiwa mahali salama kuliko pote: ndani, kwenye msumari, ukutani. Lakini Waziri aliridhika, akatoa leso, akafuta vumbi la tofali kwenye kiatu chake, akamwamuru Shomvi afanye mazoezi. Shomvi akafanya mazoezi. Tiii. Chini kidogo. Tiii. Hapo, lakini uongeze uzalendo. Tiii.

Katikati ya uzalendo huo akatokea Sista Nambua, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, mama mnene asiyekimbia hata mvua ikinyesha. Alikuwa anakimbia. Alimwambia Shomvi kwanza la heri, kwamba amepata binti, mzima, ana sauti. Halafu akamwambia la pili. Kondo la nyuma lilikuwa limetoka vibaya, na Zawena anavuja damu isiyokoma. Daktari amekandamiza tumbo lake kwa mikono miwili na hawezi kuiondoa. Anataka damu, tena sasa hivi.

"Ipo ya kundi lake," Sista alisema, akihema. "Niliiona jana kwa macho yangu, kwenye friji, rafu ya chini. Nifungulieni."

Watu watatu wakaugeukia mlango.

Sista akainua kadi yake mbele ya mashine. Na hapa, jamani, ndipo Shomvi alipofanya jambo ambalo linamwuma mpaka leo: alilia. Mazoea yana tabu. Kadi ilipopanda, koo lake lilifunguka lenyewe, akasema Tiii, safi, ya daraja la juu, na mlango wa chuma ukamtazama. Sista akamtazama vile vile.

Waziri alisema pengine sauti ilikuwa ndogo. Akaamuru irudiwe. Shomvi akarudia, na safari hii machozi yalikuwa yanamlengalenga, kwa hiyo mlio ukatetemeka, na Waziri akasema hakuna mashine itakayokubali mlio wenye wasiwasi. Akaagiza waitwe Maafisa Mlio wote wa hospitali. Wakaja mbio kutoka langoni, maabara, jikoni na mochwari, wakapangwa kwa urefu. Waziri akahesabu moja, mbili, tatu. Wakalia kwa pamoja mlio mmoja mkubwa, madirisha yakatikisika, wagonjwa wodini wakaamka wakidhani wameruhusiwa. Mlango haukutikisika.

Shomvi aliomba walete nyundo. Waziri akauliza kwa mshangao wa kweli kama Mtukufu aje kufungua mlango uliovunjwa. Askari wawili wa Waziri waliosimama pembeni wakasogea karibu na mlango ili usidhurike. Shomvi akasema basi wamtoe yeye damu, ndugu zake wako nje, watoe wote. Sista Nambua akatikisa kichwa. Mifuko ya kutolea damu imo humo humo. Dawa za kupimia zimo humo humo. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba midomo ya Zawena imeanza kuwa myeupe, na kwamba maneno yameanza kumwishia.

Hilo la maneno ndilo lililomvunja Shomvi. Zawena na kuishiwa maneno ni mambo mawili yasiyokutana. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mtu wa maji shingoni haogopi kulowa. Akaitoa kadi yake mfukoni, akaishika mbele ya macho yao, akasema kwamba yeye anamvua.

Maafisa Mlio wote wakatazama chini. Wawili wakakumbuka kazi walizoacha wakaondoka. Waziri akamwambia polepole, kama baba, afikirie kifungo, amfikirie huyo binti aliyezaliwa leo, atakayekuja kumwona baba yake kwa mara ya kwanza siku ya kuposwa.

Sista Nambua hakungoja amalize. Aliingiza mkono katika mfuko wa gauni, akatoa mkasi, ule ule aliokatia kitovu cha mtoto asubuhi hiyo. "Shomvi, mficha uchi hazai," akasema. "Mwenzako amekwisha kuzaa. Kata."

Akakata. Bati lilipiga kelele, mkono ukamtoka damu, ulehemu ukaachia upande mmoja, wa pili, wa tatu. Akalifungua koti kama mtu anayefungua kopo la samaki.

Ndani hapakuwa na kadi. Palikuwa na kipande cha boksi la sabuni, kimekatwa vizuri kwa vipimo vya kadi, kikiwa bado kinanukia. Upande mmoja kilisema sabuni hiyo inang'arisha. Shomvi akakigeuza, akakigeuza tena. Sista akamnyang'anya mkasi, akapasua koti lake mwenyewe. Boksi la sabuni. Afisa Mlio wa mochwari, bila kuombwa, akatoa la kwake, nalo likapasuliwa. Boksi, aina nyingine ya sabuni, ya kufulia.

Kitu kilichomtisha Shomvi kuliko boksi ni uso wa Waziri. Haukushangaa hata kidogo.

Mheshimiwa Mgungusi aliwafukuza askari na maafisa mpaka mwisho wa ukumbi, akabaki na wawili hawa. Akaeleza kwa sauti ya mtu aliyechoka kubeba kitu peke yake. Koti lilikuwa zito, alisema. Kiwanda, mafundi bati, mashine ya kuchapa sura, kamati ya kuchagua sura. Koti lilimaliza kila kilichokuwapo. Kadi zenyewe zikaonekana hazina haraka. Nani angeziona? Kuzitazama ni kosa. Walianza kutia makaratasi ili koti lisibonyee, baadaye wakaona maboksi yanashika umbo vizuri zaidi.

"Nchi nzima?" Shomvi akauliza.

"Ipo moja. Ile waliyotuachia wageni, waliyokuwa wakijaribia milango. Inafungua yote."

"Anayo nani?"

Waziri aliinua macho darini, kama watu wa nchi ile wanavyofanya wanapomkusudia mtu mmoja tu, na hapo hapo ving'ora vikasikika barabarani.

Mtukufu alikuwa amefika. Ungesema bahati imekuja, lakini hujaijua itifaki. Ngoma ya kwanza ilimpokea getini, ya pili kwenye ngazi. Akapewa shada, akalipokea, akanyang'anywa. Sista Nambua alikwenda wodini akarudi, akasema Zawena bado yupo. Mtukufu akasimama mbele ya kipaza sauti, hatua chache kutoka kwenye mlango, akafungua hotuba. Alikuwa mzee mkavu, mwenye sauti ndogo na miwani mikubwa, na kifuani mwake, kwenye mkufu, ilining'inia kadi yake yenye koti la dhahabu. Shomvi hakuona kingine. Aliitazama ile kadi kama mwenye kiu anavyoutazama mtungi wa jirani.

"Zamani," Mtukufu akasoma, "mwananchi alisumbuliwa kwa kugusana na serikali. Leo tumejenga serikali isiyomgusa mtu. Na ninaahidi, hakuna mtu atakayeigusa."

Makofi. Akaendelea na historia ya milango tangu enzi za mapango. Sista Nambua alikwenda tena, akarudi, safari hii alimshika Shomvi mkono tu, akaubana. Shomvi alimwomba Mungu aifupishe historia ile. Mungu alisikia, au pengine ni upepo: karatasi mbili za hotuba ziliruka, Mtukufu akatoka enzi za mapango akaangukia moja kwa moja kwenye "na sasa natamka rasmi," na hakuna aliyeona pengo.

Mtukufu akasogea mlangoni. Kamera zikainuliwa. Akaishika kadi ya dhahabu, akainyanyua mbele ya mashine, akangoja.

Shomvi hakulia.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kimya kile kilisikika mpaka nje ya uzio. Waziri alimkodolea macho. Mtukufu akashusha kadi, akainyanyua tena, kwa upole, kama mtu anayebisha hodi mara ya pili akidhani mwenyeji yumo uani. Kimya. Walinzi wakaanza kuingiza mikono ndani ya makoti yao.

Shomvi akapiga goti. "Shikamoo Mtukufu," akasema, na koo lake, koo lile lililosifiwa, lilikuwa limekauka. "Nikilia mimi, mlango haufunguki. Mke wangu anakufa, na damu yake iko humo ndani. Hiyo kadi yako ndiyo inayofungua, lakini si ikiwa na koti."

Mzee akamgeukia Waziri, akamwuliza kama ni kweli kwamba mlango haumjui. Waziri akasema kwa haraka kwamba mlango unamjua sana Mtukufu, ila umeona haya. Mtukufu akaifikiria hoja hiyo. Alikuwa ametawala miaka mingi akiambiwa vitu vya namna hiyo, na labda ni uchovu, labda ni goti la yule mtu lililokuwa sakafuni, lakini safari hii hakuitikia kwa kichwa.

"Geukeni," akasema. "Wote. Mtazame ukuta."

Waziri akageuka. Walinzi wakageuka. Ngoma mbili zikageuka, kamera zikageuzwa, mabalozi wakageuka wakitafuta ukuta wa kutosha. Amri haikumsaza mtu. Shomvi naye akaanza kujigeuza kwa magoti, na mzee akamwambia, "Wewe baki. Mimi mikono yangu haina nguvu."

Shomvi akachukua mkasi wa Sista. Dhahabu ni laini kuliko bati, haikupiga kelele. Alikata pembeni mwa shingo ya Mkuu wa Nchi mikono yake ikiwa na damu, akijua kwamba mkasi ukiteleza kidogo tu hakuna tume duniani itakayoamini maelezo yake. Koti likafunguka. Akaitoa kadi.

Ilikuwa kadi ya kweli, nyembamba, nyepesi. Lakini picha haikuwa ya Mtukufu. Ilikuwa ya mwanamke fulani wa kigeni anayetabasamu kwa meno yote, wa kwenye matangazo, na chini yake pameandikwa: JINA LAKO HAPA.

Wakaitazama wote wawili, vichwa vimekaribiana. Mtukufu aliinua miwani, akaishusha.

"Huyu ni nani?"

"Sijui, Mtukufu. Ila mlango unamjua."

Mzee akaichukua kadi mwenyewe, akaisogeza mpaka ikawa imebakiza vidole viwili kufika kwenye mashine. Na mashine, kwa mara ya kwanza tangu makoti yaanze, ikalia.

Haikusema Tiii. Hata haikukaribia. Ilisema "di," sauti fupi, nene, isiyojali mtu, kama bibi anayeitika akiwa na kazi mikononi. Watu wote waliokuwa wametazama ukuta waliisikia, na hakuna aliyegeuka, lakini mabega yao yalishtuka kwa pamoja. Komeo likaachia. Sista Nambua, ambaye hakuwa ametazama ukuta hata kidogo, aliingia kama mwizi na kutoka na mifuko ya damu kifuani, akipita baina ya ngoma na mabalozi, na hakuna mama mnene aliyewahi kukimbia vile.

Shomvi alimfuata. Alilikumbuka tofali akiwa kwenye kona, akarudi, akaliweka kizingitini, ndipo akaendelea kukimbia.

Damu iliingia tone kwa tone. Alikaa chini kando ya kitanda, mtoto mapajani, akiyatazama matone na midomo ya Zawena kwa zamu. Jua lilikuwa limekwisha kupinda pale midomo ile ilipopata rangi, ikasogea, na Zawena akauliza, kwa sauti ya mbali, mbona leo hajalia. Shomvi akamwambia amelia sana. Akalia tena, vile vile wanavyolia watu, na hakuona aibu.

Serikali haikumfunga. Kumfunga kungelazimu kutaja alimvua nani na alikuta nini. Iliundwa tume, ikakaa, ikatoa taarifa fupi kwamba mlango ulifunguka wenyewe kwa kuguswa na uwepo wa Mtukufu, bila kuguswa. Sauti ya "di" iliyosikika ilikuwa kelele ya kigeni. Mtukufu alivishwa koti jipya. Inasemekana siku hizi, akiwa peke yake, huomba mkasi, lakini hayo ni maneno ya watu. Shomvi alirudishwa langoni, akaonywa kwa mdomo alinde koo lake.

Siku ya kwanza kazini akakuta foleni imefika barabarani kama kawaida. Wa mbele alikuwa kijana, fundi viatu kwa harufu ya gundi, amembeba mama yake mgongoni. Mama alikuwa mifupa mitupu, homa imemla, kichwa kimelala kwenye bega la mwanawe. Kijana akainua kadi mbele ya mashine. Bati liling'aa.

Shomvi alivuta pumzi, koo likajiandaa. Akaliona boksi la sabuni kama vile liko wazi mbele yake. Akaifunga midomo. Akalinyanyua geti kwa mkono, likasimama wima.

"Pita, ndugu yangu," akasema.

Kijana hakusogea. Aliitazama njia iliyo wazi, akamtazama Shomvi, akainua kadi tena, juu zaidi.

"Nimesema pita. Pako wazi."

"Napaona," kijana akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka kwa uzito wa mama. "Lakini hujalia, kaka."

Nyuma yake foleni ikaanza kunung'unika. Mtu akasema huyu Afisa ana kiburi. Mwingine akasema kijana ampe chochote ili alie, watu wapite. Mmoja, kwa sauti ya kubembeleza, akamwomba Shomvi alie hata kidogo tu, kuna wagonjwa hapa. Shomvi aliwaambia mara ya pili na ya tatu kwamba geti limefunguliwa, kwamba hakuna kinachowazuia, waangalie wenyewe. Waliangalia. Kila mmoja alikuwa ameinua kadi yake, bati moja nyuma ya jingine mpaka barabarani, na hakuna mguu ulioinuka. Msimamizi wa lango alikuwa anakuja, mikono nyuma. Kijana alianza kuyumba. Shomvi alihisi Tiii ikimpanda kooni yenyewe, kwa huruma, na akajua kwamba akiitoa leo ataitoa mpaka kufa kwake.

Hapo mama akainua kichwa. Alilitazama geti, akautazama ule mkono wa mwanawe ulio juu, akampiga kofi la polepole begani amshushe. Kijana akamshusha kwa kudhani anataka maji. Mama akakishika kiuno, akajiburuza hatua kwa hatua, akapita chini ya geti lililoinuliwa, peku, bila kadi, bila mlio wowote.

Foleni nzima ilivuta pumzi ikangoja. Hapakuanguka kitu.

Alipofika upande wa pili mama alishika nguzo, akapumua, akageuka kumtafuta mwanawe. Kijana alikuwa bado amesimama kule kule, kadi juu. Mama akamwuliza anasubiri nini.